Umati Nyuma ya Mpanda Pikipiki wa Outback

Ukitafuta sura ya Australia ya ndani katika majarida ya safari, mara nyingi utaikuta ile ile: mtu mmoja juu ya pikipiki, barabara ya vumbi jekundu, na upeo wa macho usio na mti wala moshi. Nyuma ya kiti amefunga hema, birika, madumu ya maji na petroli ya akiba. Usiku atalala popote giza litakapomkuta, na asubuhi ataondoka bila kuagana na mtu. Safari za namna hii zimekuwa desturi kamili huko Outback, nyika kavu inayofunika sehemu kubwa ya bara hilo. Zina msimu wake, kati ya Mei na Septemba, joto linapopungua. Zina njia zake mashuhuri: Birdsville, Oodnadatta, Gunbarrel, Canning. Zina hata chombo chake cha kupendwa, zile Honda CT110 ndogo nyekundu zilizostaafu kazi ya kusambaza barua za posta, ambazo watu huzinunua kwa bei nafuu na kuzipeleka jangwani. Wanaozisimulia safari hizi huzieleza kama mapambano ya mtu peke yake na nchi tupu. Historia ya njia zenyewe inakanusha maneno yote mawili. Nchi haikuwa tupu, na msafiri hakuwahi kuwa peke yake. Kila kilomita anayoipita ilifunguliwa na watu wengine. Wengi wao hawakulipwa kitu, baadhi yao walitiwa minyororo, na kuwasahau kumekuwa sehemu ya jinsi nchi hiyo ilivyonyang'anywa wenyewe.

Tuanze na maji, kwa sababu ndiyo yaliyochora ramani ya Outback kabla ya mpimaji yeyote kufika na vyombo vyake. Chini ya robo nzima ya bara, au karibu na robo, kuna akiba kubwa ya maji ya ardhini, Bonde Kuu la Atesia, lenye eneo la takriban kilomita za mraba milioni 1.7. Pembezoni mwa bonde hilo, magharibi na kusini mwa Ziwa Eyre, maji hupanda yenyewe na kutoka ardhini kama chemchemi, moja baada ya nyingine, zikifuatana kwa mamia ya kilomita katikati ya nchi kame. Waarabana na majirani zao walikuwa wakiishi na chemchemi hizo kwa maelfu ya miaka. Walisafiri kwa miguu kwenda kuchukua ngeu nyekundu katika milima ya Flinders, wakakutana na watu waliobeba pituri, majani ya kutafuna yaliyotoka upande wa Queensland, na njia zao zilihifadhiwa katika nyimbo ambazo ndani yake kila kisima kina jina na kisa chake. John McDouall Stuart, Mskoti aliyefika pwani ya kaskazini Julai 1862 baada ya majaribio kadhaa, alianza safari zake kwa kufuata mstari wa chemchemi hizo. Miaka kumi baadaye, Agosti 1872, nyaya za telegrafu kutoka kusini na kaskazini ziliunganishwa chini ya usimamizi wa Charles Todd: nguzo zipatazo 36,000, umbali wa takriban kilomita 3,200, nazo kwa sehemu kubwa zikifuata alikopita Stuart. Reli ikafuata telegrafu, ikafika Oodnadatta mwaka 1891 na Alice Springs mwaka 1929, kwa sababu injini za mvuke nazo zilihitaji maji. Reli ya zamani ilipofungwa mwaka 1980, kilichobaki kando ya tuta lake ni barabara ya vumbi inayoitwa Oodnadatta Track. Mpanda pikipiki anayepiga kambi leo chini ya mitende ya Coward Springs yupo kwenye kituo cha reli, kilichokaa kwenye mstari wa telegrafu, uliokaa kwenye njia ya Stuart, iliyokaa kwenye chemchemi za Waarabana. Hajachagua njia. Amepokea uchaguzi uliofanywa na wenye nchi, ukapitishwa mkono kwa mkono hadi kwake.

Mitende hiyo inatuleta kwa kundi la pili. Msafara wa Robert O'Hara Burke na William Wills, uliotoka Melbourne Agosti 1860, ulikuwa na ngamia zaidi ya ishirini walioletwa kwa meli kutoka Karachi, na waongoza ngamia waliokuja nao, akiwemo Dost Mahomet. Waaustralia waliwaita wote Waafghani, ingawa wengi walikuwa Wabaluchi, Wapashtuni, Wapunjabi na Wasindhi. Kuanzia mwaka 1866, Thomas Elder alipoingiza shehena yake kubwa ya ngamia kwa ajili ya ranchi ya Beltana, hadi miaka ya 1920, watu hawa ndio waliobeba uhai wa Outback mgongoni mwa wanyama wao: unga, chai, mabati, nyaya, mataruma ya reli, na kurudi na marobota ya sufu. Walijenga msikiti wa udongo Marree, mmoja wa misikiti ya mwanzo kabisa nchini humo, wakapanda mitende, wakazika wenzao njiani. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1901 iliwafungia wengi mlango wa kuleta wake zao. Malori yalipoingia, kazi yao ikafa, na mwaka 1925 jimbo la Australia Kusini likatunga sheria ya kuruhusu ngamia wazururao wauawe. Wenyewe wengi waliona afadhali kuwafungulia wanyama wao waende jangwani kuliko kuwapiga risasi. Ngamia mwitu anaowakuta mpanda pikipiki jioni, wakikatiza barabara mbele ya taa yake, ni kizazi cha wale waliobeba shehena za kwanza.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa amekwisha kuona jambo analolifahamu. Mwaka 1861 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilitoa nishani zake mbili za dhahabu: moja kwa Stuart wa Australia, nyingine kwa John Hanning Speke, aliyefika Nyanza akiwa ameongozwa na misafara ya Waswahili na Wanyamwezi. Sidi Mubarak Bombay, aliyetembea na Burton, Speke, Stanley na Cameron, alisubiri hadi mwaka 1876 kupata nishani ya fedha na pensheni kutoka shirika hilo hilo. Huko Australia, Burke alipewa dhahabu baada ya kufa. Yeye na Wills walikufa karibu na Cooper Creek katikati ya mwaka 1861, njaa ikiwamaliza katika nchi ambamo Wayandruwandha walikuwa wakiishi na kushiba. Mwenzao John King alinusurika kwa sababu moja tu: aliwaendea watu hao, nao wakamlisha na kumtunza kwa miezi kadhaa hadi Alfred Howitt, aliyetumwa kuwatafuta, alipomkuta Septemba. Vifuko vya spora vya nardoo, chakula ambacho wageni walikila bila kujua namna ya kukiandaa, havikuwa sumu mikononi mwa wenyeji. Ushahidi wa jambo ninalolisema ulikuwepo tangu safari mashuhuri kuliko zote. Aliyejifanya peke yake alikufa, na aliyekubali kukaa na watu alirudi nyumbani.

Mtu atasema kwamba mashine ilibadilisha hali hiyo, kwamba magurudumu yalimpa msafiri uhuru ambao ngamia na farasi hawakumpa. Tazama basi magurudumu ya kwanza. Jerome Murif alivuka bara mwaka 1897 kutoka Adelaide hadi Darwin kwa baiskeli, na sifa yake ni ya haki. Lakini alifuata waya wa telegrafu, na vituo vya waya huo ndivyo vilivyokuwa meza na malazi yake. Arthur Richardson alizunguka bara zima kwa baiskeli mwaka 1899 hadi 1900, zaidi ya kilomita 18,000, akila na kupumzika kwenye ranchi za mifugo. Ranchi hizo zilikuwa na desturi ya kuwapa chakula wapita njia, ile ile iliyowalisha maelfu ya vibarua waliozunguka wakitafuta kazi katika mdororo wa miaka ya 1890, kila mmoja na blanketi lake lililokunjwa begani na kopo la kuchemshia chai. Malazi ya kukunja ndani ya turubai anayofunga mpanda pikipiki nyuma ya kiti yametokana na vibarua hao, na hao waliishi kwa unga, chai na sukari ya watu wengine. Gari la kwanza kuvuka kutoka Adelaide hadi Darwin, Talbot ya Harry Dutton na Murray Aunger mwaka 1908, lilimchukua njiani Ern Allchurch wa kituo cha telegrafu cha Alice Springs. Na pale Winifred Wells, binti wa miaka 22, alipotoka Perth mwishoni mwa 1950 juu ya Royal Enfield kwenda Sydney na kurudi, katika joto la kiangazi ambalo wengi hulikimbia, alipita tambarare ya Nullarbor juu ya barabara iliyochongwa haraka mwaka 1941 na 1942 kwa hofu ya vita. Ujasiri ulikuwa wake wote. Barabara ilikuwa ya maelfu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa njia inayotamaniwa kuliko zote na wapanda pikipiki ndiyo yenye rekodi nzito kuliko zote. Njia ya Canning, takriban kilomita 1,850 kutoka Wiluna hadi karibu na Halls Creek, inavuka majangwa ya Australia Magharibi juu ya mamia ya matuta ya mchanga. Ilianzishwa kwa sababu ya kupe. Wafugaji wa Kimberley Mashariki walizuiwa kupeleka ng'ombe kusini kwa meli kwa kuhofia kueneza kupe, na wachimba dhahabu wa kusini walitaka nyama ya bei nafuu. Wataalamu wakaona kwamba ng'ombe wakiswagwa kupitia jangwa kavu, kupe watakufa njiani. Mwaka 1906 serikali ya jimbo ikamtuma mpimaji Alfred Canning na wenzake saba, ngamia 23 na farasi wawili, watafute maji ya kutosha kuunganisha njia. Maji hayakuwa yakionekana. Yalikuwa katika mashimo madogo yaliyofunikwa, katika miamba, chini ya mchanga, nayo yalijulikana na Wamartu na jamaa zao tu. Canning aliondoka akiwa amebeba minyororo ya shingo. Watu walikamatwa, wakafungwa, wakalazimishwa kuonyesha visima vyao kimoja baada ya kingine, wakilindwa usiku wasitoroke. Mbinu hiyo haikuwa yake peke yake. David Carnegie, aliyevuka jangwa hilo hilo mwaka 1896 na 1897, alieleza waziwazi katika kitabu chake kwamba alimkamata mwenyeji na kumlisha nyama ya chumvi ili kiu imlazimishe kuwaongoza kwenye maji.

Msafara wa Canning ulikuwa na mpishi, Edward Blake, na huyu aliporudi mjini alishtaki. Mwaka 1908 ikaundwa Tume ya Kifalme. Matumizi ya minyororo hayakukanushwa; Canning mwenyewe aliyakiri na kuyatetea kuwa ya lazima. Watu wazito walikuja kumtetea, tume ikamsafisha, naye akarudi jangwani na kikosi cha watu 31 na ngamia 70 kuchimba. Kufikia mwaka 1910 vilikuwepo visima 51, vingi vikiwa vimechimbwa juu ya maji ya wenyeji au kando yake, vikajengewa kwa mbao, vikawekewa roda na ndoo nzito zilizokusudiwa kunywesha mamia ya ng'ombe. Shimo ambalo familia ilichota kwa mkono likawa kisima kirefu chenye kingo za kubomoka. Wenyeji waliviharibu baadhi ya visima hivyo, na sioni ajabu. Mwaka 1911 waswaga ng'ombe waliuawa karibu na Kisima cha 37. Polisi wakatumwa, nao wakaua Waaborijini wasiopungua 10. Baada ya hayo yote njia ilitumika mara chache mno kwa ng'ombe, ya mwisho ikiwa mwaka 1959. Kama biashara, ilikuwa hasara. Ilichoacha ni mfululizo wa visima wenye namba, kutoka 1 hadi 51, ambao msafiri wa leo huuhesabu jioni kwa jioni anapopanga kambi zake. Namba hizo ndizo ramani ya safari yake, na nyingi kati yake zina mtu aliyelazimishwa kuonyesha maji yake.

Nimesema baadhi ya njia zilijengwa kwa ng'ombe. Nyingine zilijengwa kwa mabomu. Len Beadell, mpimaji aliyekuwa na kikosi kidogo cha watu na tingatinga, alichonga zaidi ya kilomita 6,000 za barabara katikati ya Australia kati ya mwanzo wa miaka ya 1950 na mwaka 1963. Gunbarrel, iliyokamilika mwaka 1958, ndiyo maarufu zaidi, na bamba zake za alumini zenye vipimo vya latitudo na longitudo bado zinapigwa picha na wapita njia. Alikuwa mtu mchangamfu, vitabu vyake vinasomwa kwa mapenzi, na kazi yake ya kupima kwa nyota ni ya kustaajabisha. Lakini barabara hizo zilihudumia uwanja wa makombora wa Woomera na majaribio ya nyuklia ya Uingereza: mabomu mawili Emu mwaka 1953, kisha saba Maralinga mwaka 1956 na 1957. Kuwatafuta na kuwaonya watu walioishi katika eneo kubwa kuliko nchi nyingi alikabidhiwa kwa miaka mingi ofisa wa doria mmoja, Walter MacDougall, aliyelalamika na kukaripiwa. Mei 1957 familia moja ya Waaborijini ilikutwa imepiga kambi kwenye shimo la bomu la Marcoo. Nao pia walikuwa wasafiri, wakipita kwenye njia za wazee wao, na hakuna aliyewaambia kwamba ardhi imegeuka sumu. Ni Tume ya Kifalme ya mwaka 1984 na 1985 iliyoyaweka mambo hayo hadharani. Mtu akipita leo kwenye Barabara ya Anne Beadell na kuusifu ukimya wake, ajue kwamba sehemu ya ukimya huo ilitengenezwa kwa kuwaondoa watu.

Jangwa la Simpson nitalipitia kwa haraka. Ted Colson hutajwa kuwa Mzungu wa kwanza kulivuka lote, mwaka 1936, na wanaotaja jina lake mara nyingi huishia hapo. Alivuka na ngamia watano na mwenzake Mwaborijini, Peter Ains. Nusu karne kabla yake, mwaka 1886, David Lindsay aliongozwa na mwenyeji kwenye visima vya Wawangkangurru, watu walioishi ndani kabisa ya jangwa hilo hadi karibu na mwaka 1900. Na mstari ulionyooka ambao wapanda pikipiki hushindana nao leo, French Line, wenye matuta zaidi ya 1,000, haukuchongwa na mpenda safari yeyote. Ni kazi ya kampuni ya Kifaransa iliyokuwa ikitafuta mafuta mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sasa pingamizi. La kwanza ni la mpanda pikipiki mwenyewe, na lina uzito. Atasema: ninapoanguka mchangani na pikipiki ya kilo 150 imenilalia mguu, hakuna Mwaafghani wala mpimaji wa kuniinua. Ninabeba maji yangu, ninarekebisha mnyororo wangu, na kosa langu nitalilipia mwenyewe. Ni kweli, na hoja yangu haipunguzi chochote katika ujasiri huo. Lakini hebu tupige hesabu ya mafuta. Kutoka Wiluna hadi Kunawarritji, makazi ya Wamartu karibu na Kisima cha 33, ni karibu kilomita 1,000 za mchanga. Pikipiki ya wastani itahitaji zaidi ya lita 50, na tangi kubwa linalouzwa kwa safari hizo hubeba kama lita 30. Ndiyo maana ukawepo utaratibu wa kupelekewa mapipa ya mafuta hadi Kisima cha 23 kwa oda ya mapema, na ndiyo maana wengi huambatana na gari. Gurudumu halikuondoa utegemezi. Limeuhamisha kutoka kwenye maji kwenda kwenye petroli, na petroli ya Kunawarritji inauzwa na wajukuu wa waliofungwa minyororo.

Usalama nao una historia ya aina hiyo hiyo. Mchungaji John Flynn alihangaika tangu mwaka 1912 kuanzisha vituo vya wauguzi bara, na Mei 1928 ndege ya kwanza ya daktari ikaruka kutoka Cloncurry. Alfred Traeger akabuni redio ya kuendeshwa kwa kukanyaga pedali, ikawafanya watu wa ranchi wasikike. Kwenye njia ya Birdsville, kilomita 517 kati ya Marree na Birdsville, Tom Kruse alipeleka barua na vifaa kwa lori tangu mwaka 1936, akivuka matuta na mafuriko, na ndiye aliyejua nani amechelewa kufika wapi. Krismasi ya mwaka 1963 familia ya watu watano ilikufa kwa kiu kwenye njia hiyo baada ya kuishiwa petroli. Walikuwa wamepita bila mtu kujua waendako. Siku hizi mpanda pikipiki hufunga kiunoni kifaa kidogo cha kuomba msaada. Mfumo wa satelaiti unaopokea wito wake uliasisiwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Kisovyeti wakati wa Vita Baridi, na nyuma yake wapo marubani wanaolala na viatu miguuni. Sijui upweke gani ulio na dola nne na kikosi cha ndege nyuma yake.

Pingamizi la pili ni la kifalsafa, nalo ni gumu zaidi: kwamba nimethibitisha jambo la kawaida tu. Kila msafiri duniani hupita juu ya barabara aliyojengewa. Hakuna anayemlaumu dereva wa basi la Dodoma kwa kutokutaja majina ya waliochonga lami. Kwa nini mpanda pikipiki wa Outback adaiwe kumbukumbu zaidi ya wengine? Jibu ni kwamba huko, hadithi ya nchi tupu ilikuwa sheria. Uingereza iliitwaa Australia kana kwamba ardhi haikuwa na mwenyewe, na mahakama zikaendelea kuishikilia fikra hiyo hadi Mahakama Kuu ilipoikataa katika kesi ya Mabo, tarehe 3 Juni 1992. Kabla ya kura ya maoni ya mwaka 1967, katiba yenyewe iliagiza wenyeji wasijumuishwe katika hesabu ya watu wa taifa. Mtu aliyeandika kwamba amesafiri siku nyingi bila kuona kiumbe alikuwa, apende asipende, akitoa ushahidi katika kesi hiyo. Hadithi ya msafiri wa peke yake iliufaa uporaji kwa sababu ilionyesha mandhari bila wenyewe. Hadithi ya dereva wa Dodoma haijamnyang'anya mtu shamba.

Tena, kusimulia kwa namna nyingine kunawezekana, na mfano upo. Mwaka 1977 Robyn Davidson alitembea kutoka Alice Springs hadi Bahari ya Hindi, takriban kilomita 2,700, na ngamia wanne na mbwa. Dunia ikamjua kama mwanamke aliyevuka jangwa peke yake. Lakini katika kitabu chake mwenyewe anaeleza alivyofundishwa kazi ya ngamia na Sallay Mahomet, wa ukoo wa wale waongoza ngamia, na jinsi Bwana Eddie, mzee wa Kipitjantjatjara, alivyotembea naye sehemu ya njia na kumwonyesha nchi ambayo angepita juu yake akiwa kipofu. Kitabu hakikupungua kwa kuwataja hao. Sehemu za Eddie, kwa maoni yangu, ndizo bora kuliko zote humo.

Lipo pingamizi la tatu, nalo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba hayo yamepita, na kijana aliyezaliwa Adelaide mwaka 1995 hakumfunga mtu mnyororo. Hakumfunga, na hakuna anayemtaka abebe hatia. Anachotakiwa ni kubeba kibali. Tarehe 27 Septemba 2002 Mahakama ya Shirikisho ilitambua haki ya Wamartu juu ya ardhi yao, takriban kilomita za mraba 136,000, eneo ambalo sehemu kubwa ya njia ya Canning inapita ndani yake. Leo anayetaka kuipita njia hiyo huomba ruhusa ya wenyewe na kuilipia, na masharti yake yanaeleza wapi apige kambi, wapi asitoke nje ya njia na visima gani aviache. Wapo wapanda pikipiki wanaolalamika kwamba karatasi hiyo inaharibu uhuru wa safari. Hawana haki. Ni mara ya kwanza katika miaka zaidi ya mia moja ya njia hiyo kwamba mgeni anauliza kabla ya kunywa.